Kimo na uzito: Ni mwili gani unaofaa mpira wa magongo?

KILA muhula wa kwanza unapoanza, walimu wa michezo katika shule za upili humu nchini huwa na siku chache mno za kuteua kikosi cha mpira wa magongo. Mchezo huo huandaliwa muhula mmoja na mpira wa vikapu, mpira wa mikono na raga, na ratiba ya mashindano haimsubiri mtu.

Chukua mfano wa mwalimu aliyesimama ukingoni mwa uwanja wa shule huko Kinanie, kaunti ya Machakos. Mbele yake wamejipanga wanafunzi 40, naye ana magongo 12 tu. Hajaona pasi hata moja. Anachokiona ni miili: huyu mrefu, yule mfupi, huyu mnene, yule mwembamba kama ufito. Kabla kipenga hakijalia, tayari amekwisha kupanga kikosi akilini mwake. Warefu watakuwa mabeki, mnene atakuwa kipa, na wafupi wataambiwa wakajaribu bahati yao katika kwaya.

Uamuzi huo wa dakika kumi una uzito kuliko unavyodhaniwa. Mtoto anayeondolewa uwanjani akiwa mwanzoni mwa masomo ya upili ni nadra kurudi. Kwa upande mwingine, wapo Wakenya waliosomea katika vyuo vikuu au walioajiriwa katika vikosi vya usalama na mashirika kwa sababu tu walijua kulitumia gongo. Kwa hivyo, swali la iwapo ukubwa wa mwili humfaa au humdhuru mchezaji wa hoki si la wasomi wa sayansi ya michezo peke yao.

Jibu fupi ni kwamba ukubwa wa mwili una nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ndogo kuliko inavyoaminika viwanjani, na hubadilika kulingana na kazi ambayo mchezaji amepewa.

Kanuni zinavyompokonya mkubwa faida yake

Wengi wetu huutazama mpira wa magongo kwa macho ya kandanda, na hapo ndipo makosa huanzia. Katika kandanda, mshambuliaji mwenye kifua kipana anaweza kumpa beki mgongo, akaukinga mpira kwa mwili wake na kusubiri wenzake wafike. Anaweza pia kuruka juu na kuupiga mpira kwa kichwa. Mambo hayo mawili yameufanya ukubwa wa mwili kuwa mtaji mkubwa katika kandanda.

Katika hoki, yote mawili hayapo. Kichwa hakitumiki kamwe, wala mguu hautumiki, isipokuwa kwa kipa aliye ndani ya duara lake. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Hoki (FIH) zinamkataza mchezaji kuukinga mpira kwa mwili au kwa gongo ili mpinzani asiufikie. Akimrudia mpinzani kinyumenyume huku mpira uko mbele yake, mwamuzi atapuliza kipenga. Kumgonga mpinzani kwa bega, kumsukuma au kuligonga gongo lake pia ni makosa.

Tafakari maana ya kanuni hizo. Mchezaji wa kilo 90 anayekutana na wa kilo 58 hana ruhusa ya kuzitumia zile kilo 32 za ziada kumwondoa njiani. Lazima aupate mpira kwa gongo, na gongo lake halitofautiani sana na la mwenzake. Kanuni zinasema gongo lisizidi urefu wa sentimita 105 wala uzito wa gramu 737. Upande ulio bapa ndio pekee unaoruhusiwa kuugusa mpira, na upande huo huwa uleule kwa wachezaji wote. Ndiyo maana hakuna gongo la watumiao mkono wa kushoto katika mchezo huu. Kila mmoja hujifunza upya, awe wa shoto au wa kulia.

Mpira wenyewe una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, na sehemu kubwa ya mechi huwa ardhini. Yaani vita hupiganwa chini ya magoti. Hapo, mtu mrefu ndiye aliye mbali zaidi na kazi.

Gharama ya kuinama

Mchezaji wa magongo hukimbia huku ameinama. Magoti hukunjwa, kiuno hushuka, mgongo hulala mbele, mikono yote miwili iko kwenye gongo na macho yanatakiwa kutazama mpira na uwanja kwa wakati mmoja. Jaribu mkao huo kwa dakika mbili tu, msomaji, utaelewa mbona wachezaji wengi wa hoki hulalamikia maumivu ya kiuno kabla hawajafika miaka 30.

Watafiti Reilly na Seaton walichapisha mwaka wa 1990 uchunguzi kuhusu mzigo huo. Walibainisha kwamba kukimbia huku ukikokota mpira kwa gongo kunautumikisha mwili zaidi kuliko kukimbia wima kwa kasi ileile. Mapigo ya moyo hupanda, nguvu inayotumika huongezeka, na uti wa mgongo hubanwa kiasi cha kufupika kidogo kwa muda.

Mtu mwenye miguu na kiwiliwili kirefu hulazimika kushuka umbali mrefu zaidi ili afike panapotakikana. Kitovu cha uzito wake kiko juu, hivyo kugeuka ghafla kunamgharimu zaidi. Mfupi, kinyume chake, tayari yuko karibu na mpira. Akipiga chenga, hubadilisha mwelekeo kwa hatua ndogo za haraka, na beki mrefu hujikuta ameegemea upande ambao mpira umekwisha kuondoka.

Lakini si haki kusema kwamba mrefu hana bahati. Mikono mirefu humpa eneo pana la kupokonya mpira. Beki mwenye mikono hiyo anaweza kulirusha gongo mbele kwa mkono mmoja na kuugusa mpira ambao mfupi angeuona ukipita. Akilala na gongo lake kando, huziba njia pana ya pasi. Mshambuliaji anayemkabili hulazimika kuzunguka mbali zaidi, na kila hatua ya ziada humpa beki wa pili nafasi ya kufika.

Uzito nao una pande mbili. Uzito wa misuli ya mapaja, makalio na mgongo huongeza nguvu ya kupiga mpira na kuanza mbio. Uzito wa mafuta ni mzigo usiolipa nauli. Tatizo ni kwamba mizani haiwezi kutenganisha hayo mawili. Wachezaji wawili wanaweza kuwa na kilo 72 kila mmoja, mmoja akawa mashine na mwingine akahema baada ya mbio tatu. Mwalimu anayetegemea mizani peke yake ni sawa na mchuuzi anayenunua gunia bila kulifungua.

Jua la tambarare za Athi pia lina neno lake. Mwili mkubwa huzalisha joto jingi unapokimbia, na ngozi yake, ukilinganisha na uzito, ni ndogo kuliko ya mwili mdogo. Kwa hivyo hupoteza joto polepole zaidi. Mechi ikichezwa saa nane mchana mahali pasipo kivuli, wenye miili mikubwa ndio wa kwanza kulegea. Kubadilisha wachezaji kumesaidia kupunguza adha hiyo, kwani tangu mwaka wa 1992 kanuni zimeruhusu mchezaji kutoka, kupumzika na kurejea bila kikomo. Mechi nayo sasa huchezwa kwa robo nne za dakika 15 badala ya vipindi viwili vya dakika 35. Kocha mwenye benchi zuri anaweza kumtumia mtu mzito kwa dakika chache za nguvu na kumtoa kabla hajachoka. Kocha asiye na benchi hana budi kutafuta wale wanaoweza kukimbia mpaka mwisho.

Kipa, mpiga kona na viungo

Hakuna nafasi inayosingiziwa ukubwa kama ya kipa. Desturi ya kumpeleka mtoto mnene langoni ni kongwe kiasi kwamba hakuna anayekumbuka aliyeianzisha. Inaonekana kuwa na mantiki: lango la hoki lina upana wa mita 3.66 na kimo cha mita 2.14, na mwili mkubwa hujaza sehemu kubwa ya nafasi hiyo.

Lakini lango hilo ni nusu tu ya upana wa lango la kandanda. Kipa wa kandanda anahitaji kuruka ili aufikie mpira ulio kwenye pembe ya juu. Kipa wa hoki, akisimama katikati, karibu kila kitu kiko hatua moja au mbili kutoka kwake. Anachokosa ni muda. Mpira hufika kabla hajawaza, mara nyingi ukiwa umeguswa njiani na gongo la mtu mwingine. Anachohitaji ni miguu myepesi iliyo ndani ya kinga nzito, macho makali, na uwezo wa kulala chini kisha kuinuka mara moja kabla ya shambulizi la pili.

Mikwaju ya kuamua mshindi imezidi kuthibitisha hilo. Siku hizi mshambuliaji huanzia mstari wa mita 23 na kupewa sekunde nane za kumkabili kipa ana kwa ana. Katika fainali ya wanawake ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka wa 2016, Maddie Hinch wa Uingereza aliyazuia majaribio yote manne ya Uholanzi na kuipa nchi yake dhahabu. Hinch hakuwa kipa wa kimo cha kuogofya. Alichokuwa nacho ni daftari la maandishi kuhusu wapinzani wake na miguu iliyokataa kuanguka mapema.

Mahali ambapo viungo virefu vina faida ya wazi zaidi ni katika kona ya penalti, ambayo wachezaji wengi huiita kona fupi. Mpira husukumwa kutoka mstari wa goli, husimamishwa nje ya duara, kisha mpigaji huuvuta kwa gongo na kuufyatua kuelekea langoni. Mkwaju wa kwanza ukiwa wa kupigwa kwa nguvu, haufai kuvuka mstari wa goli ukiwa juu ya sentimita 46, kiasi cha ubao ulio chini ya lango. Lakini mkwaju wa kuvuta na kufyatua haufungwi na sharti hilo, na mafundi wa kiume huufikisha kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa.

Siri ya mkwaju huo ni umbali ambao mpira unakaa kwenye gongo kabla ya kuachiliwa. Mwenye hatua ndefu na mikono mirefu huuvuta kwa umbali mkubwa zaidi, na kasi huongezeka. Hata hivyo, urefu peke yake haufungi mabao. Nguvu hutoka kwenye nyonga zinavyozunguka, kisha mgongo, kisha mabega, kisha viganja, kila kimoja kikikipokeza kinachofuata kama mbio za kijiti. Sohail Abbas wa Pakistan, aliyefunga mabao 348 ya kimataifa, mengi kwa kona hizo, aliwapumbaza makipa kwa kuwaficha upande anaolenga kiasi kilekile alichowashinda kwa nguvu.

Na yule anayetumwa kumkimbilia mpigaji ili kuuzuia mkwaju? Hapo hakuna anayetafuta jitu. Hutafutwa mtu mwepesi wa kuondoka, mwenye barakoa usoni na moyo usiotetereka, kwani mpira wa kasi hiyo hauchagui mnene wala mwembamba.

Viungo wa kati ndio wanaokimbia zaidi, na mechi moja inaweza kuwapeleka kilomita nane au tisa wasipopumzishwa. Hao kwa kawaida huwa wa umbo la wastani, wakavu, wenye mapafu ya wakimbiaji. Washambuliaji ndio wenye maumbo ya kila aina. Jamie Dwyer wa Australia, ambaye kimo chake hakipiti sana sentimita 170, alitangazwa mchezaji bora wa dunia mara tano. Yeye ndiye aliyefunga bao la dhahabu katika muda wa ziada lililowapa Waaustralia ubingwa wa Olimpiki mjini Athens mwaka wa 2004, mbele ya mabeki wa Uholanzi, taifa linalojulikana kwa watu warefu.

Kutoka Barcelona hadi Birmingham

Wakenya wana sababu maalum ya kulichunguza suala hili, kwani historia yao ya hoki imegawanyika mara mbili.

Kenya ilishiriki mpira wa magongo wa Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Melbourne mwaka wa 1956. Ilimaliza ya saba mjini Roma mwaka wa 1960, ya sita mjini Tokyo mwaka wa 1964 na ya nane nchini Mexico mwaka wa 1968. Katika Kombe la Dunia la kwanza, lililoandaliwa Barcelona mwaka wa 1971, ilifika nusu fainali, ikafungwa na Uhispania 1-0, kisha ikapoteza nafasi ya tatu kwa India kwa mabao 2-1 katika muda wa ziada. Kuwa ya nne duniani ni jambo ambalo Kenya haijalifikia tena katika hoki.

Vikosi hivyo viliongozwa na wachezaji wa jamii za Kiasia, hasa Masingasinga na Wagoa waliojifunzia mchezo katika klabu za Nairobi na miji mingine. Avtar Singh Sohal, beki aliyecheza Olimpiki nne kuanzia 1960 hadi 1972 na kuwa nahodha katika tatu za mwisho, hakuogopwa kwa sababu ya ukubwa wa mwili. Aliheshimiwa kwa jinsi alivyousoma mchezo na kufika kwenye mpira kabla ya mwenyewe. Mtindo wao ulikuwa wa gongo jepesi, pasi fupi na chenga za karibu, mtindo uliotoka Bara Hindi na kustawi kwenye nyasi za kawaida.

Mambo mawili yalitokea kwa mfuatano. Familia nyingi za Kiasia zilihama, na mwaka wa 1976 mpira wa magongo wa Olimpiki ulichezwa kwa mara ya kwanza kwenye nyasi bandia, mjini Montreal. Kenya haikucheza huko kwa sababu ya mgomo wa mataifa ya Afrika. Nyasi bandia ziliufanya mpira uende kwa kasi na kwa unyoofu, na pasi ndefu ya mita 40 ikawa silaha ya kuaminika. Ulaya na Australia zikajenga timu za watu wenye nguvu na mbio. Kuanzia hapo ukazaliwa usemi kwamba hoki ya kisasa ni ya miili mikubwa.

Mwandishi wa makala haya haukubali usemi huo bila masharti. Korea Kusini, ambayo wachezaji wake hawakuwa wakubwa kuliko Wakenya, ilinyakua fedha ya Olimpiki kwa upande wa wanawake mwaka wa 1988 na 1996, na kwa upande wa wanaume mwaka wa 2000 mjini Sydney, ilikoshindwa na Uholanzi kwa penalti tu. Wakorea hawakurefuka ghafla. Walifanya mazoezi ya mbio yasiyo na huruma, wakapanga kona zao kwa makini, na walikuwa na viwanja.

Kenya yenyewe, ilipopata nyasi bandia katika uwanja wa City Park, Nairobi, kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka wa 1987, ilitwaa dhahabu ya wanaume mbele ya mashabiki wake na kufuzu kwa Olimpiki ya Seoul ya 1988. Hiyo ndiyo iliyokuwa Olimpiki yake ya mwisho katika hoki. Timu ya wanawake haijafika huko kamwe.

Hebu sasa tutazame mwaka wa 2022. Vipusa wa Kenya walikwenda Birmingham kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola na kuzabwa 16-0 na New Zealand. Waliotazama picha za televisheni waliona wanawake wa New Zealand walivyojengeka, wakahitimisha kwamba tofauti ilikuwa ya miili. Lakini tofauti ya kilo tano au sita kwa kila mchezaji haizai mabao 16 katika mchezo ambao kugongana kwa mabega kumepigwa marufuku. Mabao hayo huzaliwa na mpira unaofika sekunde nusu mapema kuliko ulivyozoea, kona usizowahi kuzikabili, na mechi ngumu chache mno katika mwaka. Kusema 'sisi ni wadogo' ni rahisi, kwa sababu hakuna afisa anayeweza kulaumiwa kwa kimo cha mtu.

Gongo lililo kubwa kuliko mtoto

Turudi kwa wale wanafunzi 40. Mwalimu wetu wa Kinanie ana matatizo mawili ambayo kocha wa Amsterdam hana.

La kwanza ni umri wa mwili. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi zaidi karibu na umri wa miaka 12, na wavulana karibu na miaka 14, lakini kuna wanaotangulia na wanaochelewa kwa miaka miwili au zaidi. Wavulana wawili wa miaka 14 wanaweza kusimama bega kwa bega, mmoja akiwa tayari na sauti nzito na mwingine bado mtoto. Yule aliyetangulia atapiga mpira kwa nguvu na kuwaacha wenzake kwa mbio. Atachaguliwa. Baada ya miaka mitatu wenzake watakuwa wamemfikia, na ikiwa hakulazimika kujifunza chenga kwa sababu mbio zilimtosha, hatakuwa na kitu cha ziada. Aliyechelewa, naye, huenda alikwisha kurudishwa kwenye kwaya.

Aidha, kurefuka ghafla huvuruga hata waliokuwa na ustadi. Mvulana aliyeongeza sentimita tisa kwa mwaka mmoja hupoteza kwa muda hesabu ya mahali mikono yake inapoishia. Hukosa mipira aliyokuwa akiisimamisha akiwa amefumba macho. Ni wakati huo pia magoti na kiuno huuma. Kumtoa kikosini kwa 'kushuka kiwango' ni kumwadhibu kwa kukua.

La pili linahusu kifaa chenyewe, na huenda ndilo kubwa zaidi. Magongo ya watu wazima huwa na urefu wa kati ya sentimita 92 na 96. Mtoto mwenye kimo cha sentimita 140 anahitaji gongo la takriban sentimita 85. Katika shule nyingi, magongo yaliyopo ni yale yaliyoachwa na waliotangulia, yote ya saizi moja. Msichana mfupi akipewa gongo la sentimita 95, ncha ya juu humgonga tumboni kila anapoinama. Hulishika katikati, viwiko vinabanwa, mpira unakaa mbali na miguu. Anaonekana mzito na mwenye mikono migumu. Mwalimu anasema ni mfupi mno kwa hoki. Ukweli ni kwamba gongo ndilo refu mno.

Uwanja nao humwonea. Katika tambarare hizi, udongo mweusi hupasuka wakati wa kiangazi na kushika viatu wakati wa mvua. Mpira hurukaruka, kusimamisha pasi huwa bahati nasibu, na anayefaidi ni mwenye nguvu za kuupiga mbali kisha kuukimbilia. Timu huteuliwa kufaa uwanja wa aina hiyo, halafu hupelekwa kucheza kwenye nyasi bandia, ambako sifa zinazohitajika ni karibu kinyume.

Suala la uzito linahitaji tahadhari ya pekee kwa wasichana. Kocha anayemwambia msichana wa miaka 15 mbele ya wenzake kwamba 'apunguze kilo' huenda akamsukuma kuruka chakula. Anayecheza bila kula vya kutosha huishiwa damu, hupoteza hedhi kwa miezi, na mifupa yake hudhoofika katika miaka ileile ambayo ingepaswa kukomaa. Mbio zake pia hupungua. Ikiwa uzito unamzuia kweli, dalili zitaonekana katika muda anaochukua kurejea baada ya shambulizi, na dawa ni mazoezi na mlo kamili, si kejeli.

Je, mwalimu afanye nini katika zile dakika kumi? Awatupie mipira na kutazama miguu yao kabla ya vimo vyao. Nani anainama kutoka magotini na si kiunoni? Nani anainua macho baada ya kuudhibiti mpira? Nani, akipokonywa, anageuka mara moja na kurudi kukaba? Mrefu mwenye magoti mepesi ni lulu kwa nafasi ya beki. Mfupi anayeinua macho ni kiungo. Mnene mwenye miguu ya haraka anaweza kuwa kipa mzuri, na vilevile anaweza kuwa mpiga kona, lakini aulizwe kwanza anapenda nini.

Kuhusu magongo, yale ya mbao yanaweza kufupishwa. Mtoto asimame wima na gongo limesimamishwa kando yake. Likipita mfupa wa nyonga kwa zaidi ya upana wa kiganja, ni refu. Fundi seremala hukata sehemu ya juu ya mpini, si ile iliyopinda, kwa sentimita chache kila mara, kisha mpini huviringishwa upya kwa utepe au ukanda wa mpira. Gongo hilo litahisi zito kidogo upande wa chini, lakini mtoto huzoea baada ya siku chache. Yaliyotengenezwa kwa nyuzi za kioo au za kaboni yasikatwe kiholela kwani hupasuka. Katika magongo 12, yakifupishwa manne, wale waliokuwa wamekaa pembeni watapata ya kujaribia kabla ya orodha kupelekwa kwa mwalimu mkuu.